Mguu Uliokufa Ganzi

Patrice alipofika Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 2015, kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa turubai na cha pili kilikuwa jina. Watu wa kijiji cha Kashojwa walimwona akibeba miti ya kujengea nyumba yake na ya majirani wawili, mitano begani kwa mara moja, wakamwita Fuso, kama yale malori yanayobeba ndizi za Isingiro kupeleka Kampala. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Jina lilimpendeza. Huko Muyinga alikotoka, upande wa Burundi, hakuwa amejulikana kwa lolote.

Kwa miaka minane alibeba. Shamba alilopewa lilikuwa dogo, na chakula cha msaada kilipunguzwa, kisha kikapunguzwa tena. Basi kila msimu wa mavuno, mahindi na maharage yanapoanza kumiminika mjini, aliungana na wanaume wengine wa Kashojwa, wakashika njia hadi Rwekubo, na kutoka hapo wakapanda gari kwenda Mbarara. Walipanga chumba kimoja watu sita huko Nyamityobora, na asubuhi walivuka mji kwa miguu kwenda Kakoba, kwenye ghala la Hajji Kamaldin, mzee wa biashara aliyekuwa akinunua nafaka za wakulima na kuziuza kwa wenye malori.

Patrice alikwenda na shemeji yake, Jean-Paul, mume wa dada yake Diane. Jean-Paul alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye sauti iliyoongoza kwaya ya kanisa lao kila Jumapili. Hakuwa na mwili wa kubeba. Kazi yake ilikuwa ndani ya lori: kuyapokea magunia na kuyapanga safu juu ya safu, yasije yakahama njiani. Alipata kazi hiyo kwa sababu alikuja na Fuso, naye alilijua hilo, wala hakuona aibu kulisema.

Magunia ya ghala lile hayakuwa ya kawaida. Gunia likijaa, waliongeza kipande cha gunia jingine mdomoni, wakajaza tena, wakakishona kwa kamba, likawa kama mtu aliyevaa kofia. Moja lilifika kilo mia na ishirini. Wawili walilinyanyua, wa tatu akaingiza bega chini yake, kisha akabaki nalo peke yake kupanda ubao hadi ndani ya lori. Waliolipwa kwa hesabu ya magunia hawakutembea. Walikimbia.

Getini alikaa mama aliyeuza chai na chapati. Katika kopo lake alikuwa pia na vidonge vya maumivu, viwili viwili, vimefungwa katika vipande vya gazeti. Wabebaji walivinunua asubuhi kabla ya kazi na mchana kabla ya kurudi kazini. Hakuna aliyeviita dawa. Waliviita sukari. "Mama, nipe chai na sukari yangu," walisema, na yeye alielewa.

Mwezi wa sita mwaka 2023, Patrice alianza kuhisi ganzi katika kidole gumba cha mguu wa kulia. Mgongo ulikuwa umemuuma siku nyingi na alikwisha zoea, lakini ganzi ilikuwa kitu kipya. Alidhani ni kiatu. Baada ya wiki mbili ganzi ikapanda juu ya wayo, na maumivu yakawa yanashuka kutoka kiunoni kupitia nyuma ya paja, kama mtu anayevuta waya wa moto ndani ya nyama. Alipokwenda nyumbani Jumapili moja, mkewe Concilie alikuwa akifuta viatu vyake nje ya nyumba, akavigeuza.

"Baba, hiki cha kulia kimekwisha mbele. Cha kushoto kizima."

"Ni mawe ya Kakoba."

"Mawe yanakula mguu mmoja?"

Patrice alivichukua viatu, akavivaa.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Wiki ya kwanza ya msimu ule, Gasore, mbebaji kutoka upande wa Juru, alimwendea msimamizi wa ghala akamwambia mgongo unamsumbua, anaomba siku moja afanye kazi nyepesi. Msimamizi aliitwa Sulait, Mganda wa makamo, mnene wa mabega, mtu wa maneno machache. Alimtazama Gasore akasema, "Mgongo nauma? Sawa, sebo. Enda pumzika." Kabla Gasore hajamaliza kunywa maji, mtu mwingine alikwisha itwa kutoka getini, walikokaa wengi wakingoja. Gasore alikaa nje siku tatu akitumaini kuitwa tena. Siku ya nne alirudi Nakivale.

Wote waliliona jambo lile, na tangu siku hiyo hakuna aliyeumwa.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya mwezi wa nane. Lori lilitakiwa kuondoka kabla ya saa nane mchana, na Sulait alisimama mlangoni akipiga makofi kuwaharakisha. Patrice alikuwa na gunia begani. Alikwisha panda ubao, na sasa alikuwa akipanda juu ya magunia yaliyopangwa kama ngazi, akilipeleka lake safu ya juu. Jean-Paul alikuwa chini yake, ameinama, akilivuta gunia jingine likae sawa.

Patrice aliinua mguu wa kulia. Goti lilipanda, lakini wayo ulibaki unaning'inia, na ncha ya kiatu ikanasa kwenye kamba ya kofia ya gunia. Kwa sababu ya ganzi hakuhisi kuwa amenasa. Aliuegemea mguu ambao haukuwapo pale alipofikiri upo. Akayumba, mkono ukaachia, na gunia likaanguka nyuma, chini, juu ya mgongo wa mtu aliyeinama.

Jean-Paul hakupiga kelele. Walipoliondoa gunia alikuwa amelala kifudifudi, macho wazi, mahindi yamemwagika kichwani. Alisema polepole, kama mtu anayeuliza kitu alichopoteza ndani ya nyumba:

"Shemeji, miguu yangu iko wapi?"

Wabebaji walisema gunia limeteleza. Sulait alisema safu ilipangwa vibaya. Hajji Kamaldin alitoka ofisini mbio, akatoa gari lake mwenyewe kumpeleka hospitali, na njia nzima alirudia kusema kuwa ni ajali, ni mipango ya Mungu. Patrice alikaa nyuma akikishika kichwa cha shemeji yake. Aliwaacha wote waseme walivyosema.

Hospitalini waliambiwa uti wa mgongo umevunjika. Jean-Paul hangetembea tena. Diane alifika kesho yake kutoka Nakivale, akakaa kwenye mkeka chini ya kitanda, na ndipo wote wawili, yeye na kaka yake, walipokabidhiwa kwa Lailah, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke kijana mwenye sauti kavu na mikono yenye nguvu.

"Huyu hahisi kuanzia kiunoni," aliwaambia. "Akilala upande mmoja muda mrefu, nyama inaoza bila yeye kujua. Kwa hiyo kila saa mbili mnamgeuza. Usiku na mchana. Wauguzi ni wachache. Ni ninyi."

Akawafundisha. Shuka likunjwe mara mbili, lipite chini ya mgonjwa. Mmoja huku, mwingine kule. Magoti yakunjwe, mgongo usipinde, shuka livutwe karibu na tumbo, na asiwepo wa kuanza kabla ya mwenzake. "Mnahesabu pamoja. Moja, mbili, tatu. Mtu wa kilo sitini atakwenda kama mtoto, na ninyi mgongo hautawauma."

Patrice alipozunguka kitanda kushika upande wake, Lailah alimtazama miguuni. Kiatu cha kulia kilipiga sakafu, pa, pa, kila alipokanyaga.

"Wewe nawe. Vua viatu. Tembea kwa visigino, vidole viangalie juu."

Alijaribu. Mguu wa kushoto ulisimama vizuri. Wa kulia ulianguka chini kama kitambaa. Lailah alikichukua kiatu, akakigeuza kama Concilie alivyokigeuza.

"Ganzi ilianza lini?"

"Siku ileile ya ajali."

"Kiatu hakiliwi hivi kwa siku moja."

Diane alikuwa upande wa pili wa kitanda, shuka mkononi. Patrice alitazama sakafu. Angeweza kusema uongo wa pili, na alikwisha ufungulia mdomo.

"Mwezi wa sita," akasema.

Lailah akavuta kiti, akamkalisha. Alimweleza kuwa kati ya mifupa ya mgongo kuna vitu kama mito midogo, na kwamba mzigo mzito, ukibebwa kila siku kwa mgongo uliopinda, huiminya hadi siku moja mmoja unapasuka na kukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ganzi ni mshipa unaopiga simu. Vidonge vinanyamazisha maumivu, lakini mshipa unaendelea kufa. "Ungekuja mwezi wa sita ningekuwa na la kufanya," alisema. "Sasa nitakutengenezea kitu cha kushikilia wayo usianguke. Kupona, sikuahidi."

Diane alimsubiri Lailah atoke. Kisha akauliza bila kuinua sauti, "Mwezi wa sita, kaka?"

"Mwezi wa sita."

Akaendelea kulikunja shuka. Tangu saa hiyo hakumsemesha. Walikaa wiki saba katika wodi ile, kila saa mbili wakimgeuza Jean-Paul, na maneno pekee yaliyopita kati yao yalikuwa moja, mbili, tatu.

Mwezi wa kumi walimrudisha Kashojwa. Hajji alikuwa amelipia vitu vingi hospitalini, akatuma na godoro, kisha akanyamaza. Patrice alihamia kibanda cha jirani ili awe karibu, na alijifunza kufanya kazi zilizompita: kumwosha mtu mzima, kuangalia kila asubuhi ngozi ya kiuno na visigino, kubadilisha mirija ya mkojo. Sauti ya Jean-Paul haikuharibika. Jumapili wanakwaya walikuja kumwimbia, naye aliwasahihisha akiwa amelala.

Mchana mmoja, Diane akiwa kisimani, Patrice alimwambia. Alisema yote: kidole gumba, waya wa moto, kiatu, Gasore aliyefukuzwa, na namna alivyowaacha watu waseme gunia limeteleza. Aliongea akitazama ukuta wa udongo. Alipomaliza, Jean-Paul aligeuza shingo upande wake.

"Miye nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ule mguu. Nakaa ndani ya lori siku nzima, naona kila mtu anavyopanda. Niliuona wako unaburuta toka mwezi wa saba. Nikajiambia, nikisema, shefu atamtoa. Na weye ukitolewa, miye nabaki pale kwa nguvu gani? Nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Basi usiniletee tena maungamo hapa. Padri yuko. Mimi nimelala, siwezi kuyatupa fasi yoyote. Wapelekee wale wanaobeba."

Kwa siku kadhaa Patrice hakujua kama alikuwa amesamehewa au amepigwa.

Mwezi wa kwanza mwaka 2024, msimu wa maharage ulipofunguka, alikwenda Kakoba. Alivaa ndani ya kiatu kile kifaa cha plastiki alichochongewa na Lailah. Wabebaji walimlaki kwa shangwe iliyokwisha haraka walipomwona anavyotembea. Alimwomba Sulait dakika tano aseme na watu. Sulait akakataa.

"Fuso, mimi nahurumia wewe. Lakini hapana leta maneno hapa. Batu iko na kazi."

Patrice alikaa karibu na mizani, hana la kufanya. Saa ya sala ya adhuhuri ikafika. Hajji Kamaldin, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alitandika mkeka kwenye pembe ya ghala, akainama, akasujudu, paji la uso likagusa mkeka, akainuka mwepesi kama kijana. Nyuma yake Sulait aliswali ameketi juu ya kiti cha plastiki. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mikono yake haikupanda kufika masikioni, iliishia kifuani. Miaka yote ile Patrice alikuwa akila chakula chake nje saa hiyo, na hakuwahi kuliona jambo hili.

Sala ilipokwisha alimsogelea.

"Shefu, ulibeba miaka mingapi?"

Sulait alikunja uso. "Kumi na mbili."

"Nani alijua unaumwa?"

Sulait alikikunja kile kiti, akakiegemeza ukutani, akabaki amekishika. Alisema kuwa bega lilianza, kisha kiuno, na kwamba alikuwa na bahati kuliko wengine, maana Hajji alimpa usimamizi kabla haijajulikana kuwa anaumwa. Mengine aliyasema kwa lugha ya kwao, maneno ambayo Patrice hakuyapata yote. Kisha akarudi kwenye Kiswahili: "Mke wangu ndiye navalisha mimi shati. Wewe sema na Hajji. Mimi nasimama na wewe."

Ofisini kwa Hajji, Patrice hakuomba fidia. Alisema gunia lile halikuteleza. Alisema kuwa mguu ulimwonya miezi miwili na yeye akauficha, na Jean-Paul aliuona akauficha, na kila aliyeko uani wakati huo alikuwa anaficha kitu, kwa sababu kusema kunamtoa mtu kazini siku hiyohiyo. "Hajji, wewe unafikiri una wabebaji ishirini wazima. Huna."

Mzee alichezea kalamu. Akasema wanunuzi wanataka magunia makubwa.

"Hajji," Sulait akasema, "wanunuzi nalipa kilo. Gunia ni sisi naongeza, ili lori ijae haraka."

Lilikuwa jambo la kweli, na Hajji alikuwa mtu wa mizani, hakuweza kulibishia. Walikaa saa nzima. Mwishowe alikubali kwa msimu mmoja tu, aone. Gunia lisizidi kilo sitini, bila kofia. Malipo yawe kwa uzito, ili asiyebeba mazito asipate hasara. Safu zinazopita kifua zipandishwe na wawili. Na mtu akisema anaumwa, akae kwenye kushona midomo ya magunia au kuchambua maharage, na nafasi yake isichukuliwe.

Wabebaji hawakufurahi. Safari za kupanda ubao ziliongezeka, na wenye nguvu waliona wanadharauliwa. "Fuso imeharibika," mmoja alisema kwa sauti, "sasa inataka sote tuendeshe baiskeli." Walicheka, na Patrice akawaacha wamalize. Kisha akawaita wawili, akaweka gunia chini, akawaonyesha magoti, tumbo, na kuhesabu. Alipofika kwenye kuhesabu alimgeukia Sulait. Sulait ndiye aliyemalizia: moja, mbili, tatu.

Hadi msimu ule unakwisha, watu wanne walisema wanaumwa. Wanne kati ya ishirini, katika ghala ambalo miaka yote halikuwa na mgonjwa.

Jean-Paul alikufa mwezi wa sita. Kidonda kilianza juu ya mfupa wa makalio, kidogo kama kifungo cha shati, wiki ambayo Diane alikuwa na malaria na Patrice alikuwa akimgeuza peke yake. Mtu mmoja hageuzi vizuri. Shuka huburuta ngozi. Walikisafisha, walikifunika, walimrudisha hospitali mara mbili. Kilikwenda ndani hadi mfupani, kisha homa ikapanda na haikushuka. Siku zake za mwisho hakuweza kuimba. Alikuwa akipiga mapigo ya wimbo kwa kidole juu ya blanketi.

Walimzika Nakivale, mlimani, katika mvua nyembamba. Watu walipotawanyika, Diane alimwendea kaka yake aliyekuwa ameegemea jembe.

"Nimekuchukia mwaka mzima," akamwambia. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu wodini. "Nimechoka kukuchukia, kaka. Lakini sijamaliza."

"Sawa," Patrice akasema.

Diane alichukua jembe jingine, akamsaidia kulainisha udongo.

Msimu wa mahindi ulipofika mwezi wa saba, Patrice alirudi Kakoba. Hajji hakutaka kusema kama mapatano yameendelea au yamekwisha. Hakuyafuta, wala hakuyataja. Sulait alimpa Patrice kazi ya mizani, na asubuhi ya kwanza akampa pia nafasi ya kusema na watu. Patrice aliwapanga wabebaji wote uani, akawaambia watembee kwa visigino kutoka mlangoni hadi ukutani, vidole juu. Alisema ndivyo walivyomgundua yeye, akiwa amechelewa.

Walitembea wakiyumba kama bata, wakichekeana. Kicheko kilikwisha ilipofika zamu ya Régis. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Kashojwa, mrefu, aliyebeba kuliko wote. Hatua ya tatu, wayo wake wa kushoto ulianguka. Akauinua. Ukaanguka tena, pa, juu ya saruji, na kila mtu akausikia.

"Nimekanyaga jiwe," Régis akasema.

Hapakuwa na jiwe.

Sulait alimwambia akae kwenye kushona. Kushona kulilipa kama nusu ya kubeba, na Régis alikuwa na mke aliyejifungua mwezi uliopita. Alimgeukia Patrice, mishipa imemtoka shingoni.

"Wewe ulibeba mpaka ukaua mtu. Miye unaninyima hata kujaribu? Mbele ya watu wote hawa?"

Kila neno lilikuwa kweli. Régis aliokota shati lake akatoka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghala jingine, lenye magunia ya kofia, ambako hakuna aliyeulizwa chochote. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa amekwisha pata kazi.

Kutoka kwenye mizani Patrice aliliona lango lile lote. Alimwona Régis akipanda ubao, akishuka, akipanda. Siku ya pili alivuka barabara akamwita pembeni; Régis akapita kama hamwoni. Siku ya tatu alimwendea msimamizi wa pale, akajaribu kumweleza; akasukumwa nje na kuambiwa akirudi ataitiwa polisi. Kwa hiyo kila mchana alikwenda kusimama karibu na mama muuza chai, aliyekuwa amehamia kati ya malango mawili. Régis alipokuja kununua sukari yake, Patrice alimwambia kila siku maneno yaleyale: "Ukianza kupata ganzi kati ya mapaja, au mkojo ukigoma, usingoje hata saa moja. Kimbia hospitali." Régis alimeza vidonge akimtazama machoni, kisha akaondoka.

Siku ya tisa alijikwaa kwenye ubao. Aliliachia gunia likaangukia upande, na chini hapakuwa na mtu. Msimamizi wake alimtoa saa ileile.

Asubuhi iliyofuata alikuja ghalani kwa Hajji, akapita mizani bila neno, akaketi kwenye rundo la magunia matupu. Sulait alimpa sindano na kamba. Jumamosi, Concilie, mke wa Patrice, ndiye aliyemsindikiza kwa Lailah, maana kwa Patrice alikataa kwenda. Lailah alisema mshipa haujafa. Alimpa mazoezi, akampiga marufuku kubeba kwa miezi sita, na baada ya wiki tano vidole vya mguu wa kushoto vilianza kuinuka, kidogo, kama vya mtoto mchanga.

Ghala la ng'ambo bado linapakia magunia ya kofia, na getini mwake watu hawapungui. Hajji Kamaldin amesema ataona mwakani. Patrice yuko kwenye mizani, na mguu wake wa kulia hautarudi. Asubuhi humsalimia kila anayeingia, kwa jina. Akifika kwa Régis husema, "Régis, umeamkaje?" Naye Régis, bila kumtazama, huinama juu ya gunia na kuvuta kamba.